Nusu Dakika

...la, huo si mlio wa kawaida, hata yeye kausikia, mbona kakunja uso, fundi saa kaibana saa sikioni na kufumba jicho moja kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, na nesi amesimama mbele ya meza yake ya kioo, mkono wa kushoto mtupu, mwepesi, akiomba kimoyomoyo, iwe mbovu, ee Mungu, iwe mbovu kabisa... krrr, krrr, tangu jana inakwaruza kila anapopunga mkono, "Iligonga mahali, sista?" ndiyo, iligonga chuma cha kitanda, juzi, au wiki jana, hakumbuki, anachokumbuka ni kifua cha yule mtoto wa miezi saba, jana, kikipanda na kushuka, pumzi arobaini na nne kwa dakika, akaandika arobaini na nne kwa mwandiko wake unaosifiwa wodi nzima, hamsini ndiyo hatari ya nimonia, arobaini na nne ni salama, nenda nyumbani mama, mafua tu hayo, na mama wa watu akashukuru, akashukuru mara mbili... lakini kama mshale wa sekunde ulikuwa unakimbia, basi dakika ilikuwa fupi, pumzi nyingine hazikuhesabiwa, na kosa ni la saa, nani ataifukuza kazi saa? Shangazi alipompa alisema haitaki betri wala ufunguo, mkono ukitembea nayo inatembea, ukiwa mvivu itakufa, shangazi na maneno yake, mwenyewe nesi miaka thelathini na hakuwahi kukosea... "Sikia," fundi anailaza chali, kimya, anaitikisa, krrr, "humu mna kichuma kama nusu sahani, ndicho kinachozunguka na kuipa nguvu, skrubu yake imelegea, kinasugua mfuniko, basi." Basi? "Na sekunde, fundi?" sauti imemtoka nyembamba hata anaionea aibu, fundi anaiweka juu ya kimashine chake cha kupimia mwendo, anasoma, "Sekunde nzima hizi. Inakimbia sekunde tano, tena kwa siku." Kwa siku, si kwa dakika. "Pima tena." "Nimepima, sista." "Pima tena, tafadhali." Anacheka, "Wenzako huja wakiomba niseme nzima, wewe wataka niizike!" na nesi anashika ukingo wa meza, anaogopa, anaogopa kweli, kwa sababu mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na yeye usiku kucha amesingizia saa, ilhali anajua, alijua tangu jana, foleni ilifika mlangoni, mtoto alikuwa akilia, akanyamaza kidogo, naye akahesabu nusu dakika tu, ishirini na mbili, akazidisha mara mbili, wote hufanya hivyo siku ya foleni, na wote wanajua mtoto mdogo havuti pumzi kwa mpangilio, hukimbia, hutulia, hukimbia tena, huenda nusu ile ndiyo aliyotulia, na nusu ya pili, ile ya mbio, nesi alikuwa kashampa kisogo akimwita mgonjwa mwingine... watamwita ofisini, wamwite, simu iko mkononi tayari, hospitali wamepokea, "Karani, nisomee namba ya yule mama wa jana, wa mtoto wa miezi saba," sifuri, saba, anaziandika kiganjani, anakata, anapiga, fundi kainama, bisibisi yake ndogo haijafungua hata mfuniko, "Nikaze tu au nisafishe na mafuta yote?" vyovyote, fundi, vyovyote, simu inaita, mbona hapokei, inaita, labda yuko njiani kurudi hospitali, labda yuko... usiwaze hivyo, inaita, "Haloo?" na nyuma ya sauti hiyo mtoto anakohoa, kikohozi kikavu, kifupi, yu hai, yu hai, na maneno yote aliyoyapanga yamemkimbia, yamebaki machache, "Mama, mimi ndiye nesi wa jana. Nilimhesabu vibaya. Mlete sasa hivi."