Maembe Yaliyoletwa na Maji

Mkamwana wa Kinyakyusa hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anakata kona porini. Akisikia sauti yake anajifunika kanga na kugeuka. Sisi wa Mlandege tuliohamia Rujewa kulima mpunga tulikuwa tunaona vichekesho tu, mpaka siku ile ya maembe, Januari ya sabini na sita.

Kisiwa chetu ni tuta la ardhi katikati ya mbuga, na mwembe mmoja mkubwa ukingoni. Kiangazi unakwenda kwa miguu. Asubuhi hiyo mimi na jirani yangu Tusajigwe tulivuka maji ya kifundoni, ndoo kichwani, kufuata maembe ya mwisho wa msimu. Tulipokaribia, mwembe ukakohoa.

"Jamani, nimo huku juu," sauti ikasema. Mzee Asukile, baba mkwe wa Tusajigwe.

Tusajigwe alikwishakimbilia nyuma ya kichuguu, tumbo lake la miezi sita mbele. Mzee naye hawezi kushuka, maana atamwona. Tukasema basi, sisi wanawake turudi. Kumbe mvua ilishanyesha milimani Mbeya. Maji yakaja bila kelele, kama mtu anayetandika shuka. Mara kwenye njia tuliyojia yakafika kifuani, na mbuga nzima ikawa mbingu. Mawingu yakapita chini yetu, katikati ya mashina ya mpunga.

Jua likapanda. Juu pale maembe yalikuwa yameiva mpaka yanawaka, harufu yake unaimeza. Tusajigwe hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana jioni. Alikuwa ameegemea kichuguu, macho yanamfumba.

"Verediana," mzee akaniita polepole, "mpelekee mtoto wa watu haya." Akaniangushia matatu.

Nikampelekea. Akayatazama, akameza mate, akayasukuma.

"Dada Vere, mimba ya kwanza ilitoka. Wakasema ni kwa sababu nilimtazama mzee kisimani. Hii siichezei. Kilichotoka mkononi kwake sikipokei, hata ukinipa wewe."

"Utazimia hapa."

"Nitazimia na mwanangu tumboni."

Nikarudi chini ya mwembe nimweleze mzee. Haikuhitajika, kisiwa chenyewe ni kidogo, unatema mate huku yanaanguka kule. Mzee alikuwa amesikia.

Muda ukapita. Halafu nikasikia chubwi. Embe limeanguka majini, upande maji yanakotokea. Likazama. Jingine, chubwi, likazama. Nikadhani mzee amechanganyikiwa na njaa. Mara tawi zima likalia kwaa, likaanguka na majani yake yote, na maembe yamening'inia kama taa za harusi. Hilo halikuzama. Maji yakalipokea, yakalizungusha ukingoni taratibu, likapita mbele yangu linang'aa, dhahabu juu ya mbingu, na mimi nikawa nalifuata kwa miguu kama mtu anayesindikiza mgeni. Likazunguka kisiwa kizima. Likaenda kutia nanga kwenye nyasi, miguuni pa Tusajigwe.

Akalitazama sana.

"Nani amelileta?"

"Si unaona mwenyewe? Maji."

Akainama, akainua viganja vyake viwili vilivyokutana, akayashukuru maji kwa lugha yao: "Ndaga." Akachuma moja akalimenya kwa meno. Utamu ukateremka mpaka viwikoni. Akala la pili, la tatu, akaketi wima. Kwa heshima zao mkamwana hawezi kumwambia mkwe asante. Lakini ile kokwa ya mwisho aliifyonza kwa sauti kubwa, makusudi, uso kauelekeza kwingine, mpaka ndege wakaruka. Juu ya mwembe mtu akashusha pumzi ndefu.

Alasiri Ngolo, jirani yetu Msukuma, akatokea na mtumbwi. Akasimama, akaangalia juu, akaangalia kichuguu.

"Mzee, tangu lini umekuwa ngedere?"

"Nyamaza, wewe mla michembe ya viazi. Wapeleke wanawake kwanza. Mimi nifuate baadaye."

Nyuma ya kichuguu Tusajigwe akacheka. Mwaka wa tatu kwenye ukoo ule, na mzee hakuwa amewahi kusikia kicheko chake. Majani yakatulia kabisa. Tukampakia Tusajigwe, mgongo kaupa mwembe, na tulipokuwa tunasukuma mtumbwi kuondoka, kule juu tawi jingine likalia kwaa, likaanguka majini, likaanza kutufuata.