Mazungumzo ya Mdomo Uliojaa Povu

Enzi za uhai wa mumewe, fundi cherehani hakupiga mswaki peke yake hata siku moja. Walisimama uani bega kwa bega, na mume hakuwa mtu wa kunyamaza: alisimulia habari za mtaa mzima mdomo umejaa povu, nusu yake haieleweki, naye mke akicheka hadi anapaliwa.

Mume alipofariki, ua ukawa mpana mno. Dawa zake mwenyewe za virusi vya UKIMWI hakuzikosa. Hilo alilishika kama dini. Mswaki ndio uliolegalega. Aliupitisha harakaharaka kama anayefukuzwa, siku nyingine akauacha. Fizi zikaanza kuvuja damu, akajiambia ndivyo ugonjwa ulivyo, hakuna la kufanya. Akawa anazungumza na wateja kiganja mdomoni.

Kliniki anakochukulia dawa wakamwelekeza kwa muuguzi wa kinywa, pande la mtu ambaye wagonjwa walimwita Mjomba. Mjomba alimpa mswaki laini, akamwomba apige palepale, mbele ya kioo cha sinki. Fundi aliona haya, mtu mzima kufundishwa mswaki, lakini akaanza, tena kwa nguvu zote.

"Mama, hiyo si sufuria iliyoungua," Mjomba akasema taratibu.

Damu ikadondoka kwenye sinki. Fundi akarudi nyuma, akiomba radhi, akitafuta kitambaa aipanguse mwenyewe. Mjomba akafungua bomba, maji yakaichukua, basi. Akamweleza kuwa virusi huweza kudhoofisha fizi, ndiyo maana zinataka kutunzwa zaidi. Damu ile ilitokana na uchafu uliojificha, na kuukimbia mswaki ni kuupalilia uchafu huo.

Kisha akachukua mswaki wake mwenyewe, akasimama pembeni yake. Akaulaza pale jino linapokutana na fizi, akauzungusha polepole, huku akiendelea kueleza. Maneno yakatoka na povu, hayashikiki.

Fundi akasita kama aliyeitwa jina. Machozi yakamtiririka.

"Nimekuumiza?" Mjomba akauliza, akifuta kidevu.

"Hapana. Kuna mtu umenikumbusha."

Mjomba hakuharakisha. Akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka akamaliza habari zote za mumewe.

Fizi hazikupona kwa siku moja. Alirudi kwa Mjomba mara kadhaa, akasafishwa meno, akajifunza kusugua hata ulimi, na damu ikapungua hadi ikakoma. Kiganja nacho kikateremka mdomoni bila yeye kutambua. Wateja ndio waliotambua.

Siku moja alimsimulia wifi yake, dada wa marehemu, yaliyompata mbele ya kile kioo. Wifi akacheka sana.

"Mazungumzo yale ya povu yalikuwa ya mama yetu," akasema. "Sisi tulikuwa watoro wa mswaki. Akaanza kutupa hadithi huku akipiga mswaki wake, hatuelewi kitu, basi tunabaki tukisubiri ateme tusikie mwisho. Kaka ndiye aliyekuwa mtoro kuliko wote."

Fundi hakuwahi kumwona mkwewe huyo, wala mumewe hakuwahi kumwambia habari hiyo. Akasogeza kigoda karibu na wifi yake, akamtaka aanzie mwanzo.