Utepe wa Mara ya Nne

Karani wa ofisi ya mtaa alipoingia kwenye chumba cha cherehani, Mama Pindo hakuinua kichwa. Alikuwa anamalizia mfuko wa shati la shule, na mfuko ukiuachia katikati unakaa upande. Akaendelea kukanyaga. Karani akasimama mlangoni, bahasha kaishika kifuani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogeza hivyo vitambaa ukae. Umefuata utepe."

Karani akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. "Nani kakuambia?"

"Aniambie nani? Wamepaka rangi ukuta wa mbele wa jengo la wazazi. Wa nyuma hawajaugusa. Nikajua mgeni anakuja."

Jina la Mama Pindo alipewa kwa sababu nguo haikutoka kwake na pindo linaning'inia, hata kama mwenyewe ana haraka ya harusi. Na katika mtaa ule hakuna mwingine aliyejua kushona utepe wa kukatwa na wakubwa. Watu hudhani utepe ni utepe, unaufunga mlangoni basi. Sivyo. Mara ya kwanza kabisa, jengo likiwa bado linanuka saruji, mgeni rasmi alitafuna kitambaa kwa mkasi mpaka jasho likamtoka, watu wakacheka, na karani wa wakati ule nusura afukuzwe kazi. Tangu siku hiyo kazi akapewa Mama Pindo, awe anaushona kwa ujanja: katikati anauchana kabisa, anaushikiza kwa nyuzi tatu nne tu, halafu juu ya mchano anabandika ua la kitambaa kuuficha. Mkubwa akigusa ua kwa mkasi, utepe unaachia wenyewe. Watu wanapiga makofi. Siri ya ua aliijua yeye na makarani tu.

Jengo lile la wazazi lilikuwa limefunguliwa mara tatu. Kila uchaguzi ukikaribia, lilifunguliwa. Mara ya kwanza utepe ulikuwa wa bluu, ya pili wa manjano, ya tatu mweupe, kila mkubwa na rangi yake. Hotuba ikiisha, karani alifunga mlango, ufunguo ukarudi ofisini, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu akaendelea kupelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, kama gari lipo. Ukiuliza unaambiwa jengo halijakabidhiwa rasmi. Nani amkabidhi nani, hilo hukujibiwa.

"Jumamosi," karani alisema. "Saa nne asubuhi. Rangi yoyote, mama, lakini ua lisikose."

"Satini hakuna. Maduka yote yamefagiwa, wameshonea mabendera."

"Utapata tu, mama yangu. Wewe hukosi."

Mama Pindo akakata uzi kwa meno. Nyuma ya pazia lililogawa chumba alimsikia mkwewe, mke wa mwanawe, akijigeuza kitandani, taratibu, kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Mtoto wa mimba ya kabla ya hii walimpoteza njiani. Ilikuwa mchana kweupe, mvua imekata barabara, wamekaa nyuma ya lori la kokoto, wanawake wawili wameshika turubai juu ya mkwe. Lori lilipita mbele ya jengo la wazazi. Mlango umefungwa, kitasa kinang'aa. Mtoto alizaliwa kabla ya daraja, wa kiume, akalia mara moja, na hawakuwa na cha kumfanyia. Mama Pindo alikuwa amempakata. Utepe mweupe wa mara ya tatu aliuokota mwenyewe siku ya sherehe, maana satini nzuri fundi haitupi, akauweka aje ashonee kofia ya mjukuu. Kofia haikushonwa. Utepe ulikuwa kwenye sanduku, pamoja na wa bluu na wa manjano.

"Utepe nitashona," akasema. "Sitaki malipo. Nataka ufunguo."

"Ufunguo upi?"

"Wa jengo. Utaniletea Jumamosi asubuhi, mkononi. Mimi ndiye nitafungua mlango mheshimiwa akishakata."

Karani alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu anayeandika barua zisizojibiwa, na kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa mara moja tayari, Mama Pindo aliijua, aliigeuza yeye.

"Kufungua mlango si tatizo," akasema mwishowe. "Lakini nikimaliza nafunga. Nimeagizwa."

"Lete ufunguo, mwanangu."

Alipoondoka, mkwe alitokeza kichwa kwenye pazia. "Mama, usijisumbue. Mimi nitakwenda hospitali kubwa mapema, nikae hata kwa jamaa."

"Jamaa gani?"

Mkwe akanyoosha pindo la pazia. Jamaa hawakuwapo.

"Mume wako amesema nini?"

"Amesema mwaka huu hapigi kura hata wakimfuata na gari. Amesema amechoka kuvishwa kilemba cha ukoka."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka tu, mama. Sina hata cha kusema."

Hilo ndilo lililomuuma Mama Pindo. Zamani watu walikuwa wanakasirika. Walibishana mpaka viti vinaanguka, majirani wananuniana mwezi mzima kwa ajili ya mtu ambaye hawajui hata kwao. Sasa redio ikianza habari za uchaguzi, mkono unakwenda wenyewe kuizima, kama unavyofukuza nzi.

Jioni ile ile alimpitia Mkunga. Huyu alikuwa amestaafu hospitali kubwa, ana magoti mabovu na ulimi mzima.

"Shoga, nikikufungulia lile jengo, utaingia?"

"Nikiingia nitakuta nini? Popo?"

"Ukute popo, usikute, utaingia?"

Mkunga alisugua goti. "Nimeandika barua nne kuomba nikae mle hata bure. Nne! Ya mwisho walinijibu nisubiri makabidhiano. Mimi nitakabidhiwa kaburini." Akasugua la pili. "Nitaingia. Lakini nitataka maji ya kuchemsha, sabuni, taa, na wanawake wasiolialia. Na gari likae tayari. Mambo yakiharibika mimi si Mungu."

"Gari nitamwambia mwanangu arudi na lori la kazini."

"Basi tafuta ufunguo."

Ijumaa Mama Pindo alifungua sanduku. Akazitandaza tepe tatu mezani, akazipiga pasi, kila moja na mkato wake katikati, vipande viwili viwili. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaunga kila utepe pale pale ulipokatwa. Hakuutafutia uzi wa rangi yake. Aliunga kwa uzi mweusi, mshono mnene, unaoonekana. Akazipanga ubavu kwa ubavu, bluu, manjano, nyeupe, akazishona zikawa utepe mmoja mpana wenye makovu matatu yaliyosimama katikati. Ua hakuweka. Hakuchana kitu wala kushikiza kitu. Katika maisha yake yote ya kazi hiyo ndiyo mara ya kwanza alishona utepe madhubuti.

Jumamosi watu hawakujaa. Viti vya plastiki vilipangwa safu nane, vikakaliwa safu mbili, na moja ilikuwa ya wafanyakazi wa ofisi. Wengine walisimama mbali, kwa fundi viatu, kwenye kivuli cha bati lake.

"Jengo hili limefunguliwa mara nyingi kuliko kopo langu la gundi," fundi viatu alisema akigonga kisigino. "Na gundi angalau inatumika."

Waliocheka walicheka puani.

Karani alifika anahema. Mama Pindo akanyoosha kiganja, karani akaangaza huku na huku, akaweka ufunguo. Ndipo akapewa utepe umefungwa kwenye gazeti. Alipoufunga mlangoni ndipo akauona vizuri.

"Mama! Umefanya nini? Ua liko wapi?"

"Satini hakuna. Nilikwambia."

Hakukuwa na muda. Magari yalikuwa yanaingia.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayeshika mikono ya watu kwa mikono yake miwili. Alipewa mkasi kwenye sinia. Akasogea, akatafuta ua, akaona yale makovu.

"Aah, utepe huu umeungwaungwa," akasema akigeukia watu, sauti ya mtu anayetarajia kicheko. "Fundi ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa." Mama Pindo alisimama kando ya mlango, mkwe wake ameshikilia bega lake. Sauti ilimtoka ya kawaida, kama anavyoongea na mteja. "Wa bluu aliukata wa kwanza. Wa manjano wa pili. Mweupe wa tatu. Nimeunga pale walipokata, ili na wewe ukate hapo hapo."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga kelele wala kuzomea. Labda kama wangezomea ingekuwa rahisi kwa mheshimiwa, angejua la kufanya. Watu walimtazama tu, jinsi unavyotazama mvua inyeshayo mtaa wa pili.

Akakata. Mkasi ukashika mshono mweusi, ukateleza. Akabana tena. Kitambaa kikaingia katikati ya makali na kujikunja, akawa anatafuna, anavuta, anatafuna. Mlinzi wake akasogea kumsaidia, mheshimiwa akamzuia kwa kiwiko. Ilichukua muda. Katika kimya kile ulisikika mkasi na nyundo ya fundi viatu, ambaye hakuona sababu ya kuacha kazi. Utepe ulipoachia, dereva mmoja alipiga makofi mara mbili, akajikuta peke yake, akaingiza mikono mfukoni.

Mheshimiwa alifuta paji la uso. Kwa kitambo kidogo alimtazama Mama Pindo bila ule uchangamfu, na Mama Pindo akaona kwamba naye alikuwa mtu mzima aliyechoka. Kisha akageuka, akaanza hotuba.

Mama Pindo hakuisikiliza. Aliingiza ufunguo, akasukuma mlango, akamvuta mkwewe ndani.

Ndani kulikuwa na joto na vumbi la miaka. Vitanda viwili, magodoro yamo bado ndani ya nailoni ya dukani. Alifungua bomba: likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Popo hawakuwapo. Alichana nailoni ya godoro moja kwa mkasi wake mwenyewe, akapangusa kwa khanga.

"Kaa, mwanangu. Kitanda chako hiki."

Mkwe alikaa. Akaweka mikono chini ya tumbo, akaanza kulia bila sauti, na Mama Pindo akamwacha alie.

Magari yalipoondoka karani aliingia. Nyuma yake alikuwa amesimama Mkunga na kikapu chake, na nyuma ya Mkunga wanawake watatu na ndoo.

"Mama, naomba ufunguo," karani alisema. "Nimeagizwa nifunge."

"Najua."

"Nitafukuzwa."

"Huenda." Mama Pindo hakutaka kumdanganya. "Mwanangu, mwaka juzi lori lilipita hapo nje, nimempakata mjukuu wangu. Mlango huu ulikuwa umefungwa na aliyekuwa na ufunguo ni wewe. Sikukulaumu. Leo ufunguo ninao mimi. Nikikupa, safari hii atakayelaumiwa ni nani?"

Karani alikaa kwenye kitanda cha pili, juu ya nailoni, ikalia chini yake. Akatazama bomba. Akatazama ndoo. Wanawake walisubiri.

"Nafungua na kufunga," akasema polepole. "Mwaka wa kumi huu. Mke wangu huniuliza kazi yangu ni nini hasa." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Nitaandika kwamba kitasa kimeharibika na hakifungi. Mpaka waje kukikagua..."

"Watakuja lini?" Mkunga aliuliza.

"Uchaguzi ujao."

Hapo ndipo watu walicheka kwa mara ya kwanza siku ile, hata mkwe, machozi yakiwa bado shavuni. Halafu wakaanza kudeki.

Mtoto alikuja siku ya kura yenyewe, asubuhi. Shule iliyokuwa kituo cha kupigia kura ilikuwa upande wa pili wa uzio, na mstari ulikuwa mfupi, watu wamesimama kimyakimya kama wamefuata dawa. Mama Pindo alikuwa anachemsha maji nje kwenye mafiga. Tangu apate umri wa kupiga kura hakuwahi kukosa mstari ule.

"Nenda basi, shoga, upige urudi," Mkunga alimwambia kutoka dirishani. "Bado bado huku."

Mama Pindo aliutazama mstari. Akajiuliza angeandika nini kwenye karatasi ile, asijue. Akaongeza kuni.

Mtoto alilia kabla ya saa sita. Akalia tena, na tena, hakunyamaza kama yule wa kwanza. Alilia kwa hasira, mpaka watu wa kwenye mstari wakageuza vichwa. Fundi viatu, ambaye alikuwa wa tatu kutoka mbele, alivua kofia.

Ndani upepo ulikuwa unaubamiza mlango, mama na mtoto wanashtuka. Mama Pindo akatafuta cha kuuzuia. Kwenye kikapu chake kulikuwa na vipande viwili vya ule utepe mpana, alivyoviokota kama kawaida yake. Akachukua kimoja, akakifunga kwenye mpini wa mlango, akakivuta mpaka kwenye msumari wa ukutani, akapiga fundo. Akaujaribu mlango kwa mkono. Ulikaa wazi.

Kile kingine alikirudisha kwenye kikapu. Upande mweupe ulikuwa bado mzuri, na kofia ya mtoto haihitaji kitambaa kingi.