Herufi Zinazokunywa Rangi

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu alichora herufi nami nikazijaza. Yeye alipanda ngazi na chaki akachora mistari ya nje. Mimi nilifuata na brashi na kopo, nikazinywesha rangi moja baada ya nyingine. Kabla sijaanza kujaza, alinituma ng'ambo ya barabara nikaangalie. "Vipi huko?" alipaza sauti. Nami nilijibu, "Pandisha! Sogeza! Hapo hapo, usiguse!"

Nilipomwambia kwamba natamani kuchora mwenyewe, hakucheka. "Ukija ukuta mrefu," alisema, "utachora wewe." Kuta ndefu zilikuja, ila kila mara tulikuwa na haraka. Kisha ikaja homa ya siku nane, nikamzika.

Mwezi wa nne baada ya msiba, rafiki yake alibisha hodi. Ni mchoraji tuliyembandika jina la Brashi Moja, maana aliitumia brashi ile ile kwa nyekundu na nyeupe, kisha akaapa kuwa waridi ndiyo aliyoikusudia.

"Shemeji, nimepata kazi. Zahanati mpya, ukuta wa mbele, mita kumi na nne. Mimi nachora, wewe unajaza. Kama zamani."

Alisema kwa wema, na ndiyo maana iliniuma. Nilijua nikikubali siku ile, nitajaza herufi za watu mpaka naingia kaburini.

"Nakuja," nikasema. "Lakini nachora mimi."

"Wewe?"

"Unamwona mwingine hapa mlangoni?"

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Shemeji, majonzi yasikupandishe ngazi."

"Mtaka cha mvunguni huinama. Changu kiko juu, niache nipande."

Tulibishana njia nzima hadi mbele ya muuguzi mkuu, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani. Alitusikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa wawili wanaogombea benchi. Maneno aliyoyataka ukutani yalikuwa ZAHANATI YA MAMA NA MTOTO.

"Chaki inafutika," akaamua. "Mama achore. Saa sita nakuja kuangalia. Nisipopenda, tunapitisha tambara lenye maji, na huyu bwana anachora yeye."

Ukuta mrefu hauanzwi kushoto. Anayeanza kushoto huishia kuzibana herufi za mwisho kama vidole kwenye kiatu cha mtoto. Unatafuta herufi ya katikati, unaiweka kwanza, kisha unakwenda pande zote mbili. Nilihesabu herufi pamoja na nafasi tupu nikapata ishirini na tano. Ya katikati ni M ya kwanza ya MAMA. Nikapima ukuta, nikatia alama katikati, kisha nikaichora ile M shibiri moja kushoto ya alama.

Brashi Moja alikuja mbio na futi. "Shemeji! Umekosa katikati! Shibiri nzima!"

"Sijakosa."

"Futi haidanganyi."

"Futi haijawahi kujaza rangi." Nikamwonyesha kwa kidole. "Huku kushoto kuna I. I unaimaliza kabla chai haijapoa. Huku kulia kuna M mbili zaidi, na O mbili zenye vitambi. M moja inakunywa rangi ya I mbili, na bado inaomba. Nikifuata futi yako, MTOTO ataangukia barabarani."

Aliitia futi mfukoni. Mume wangu alizijua herufi kwa ngozi ya nje. Mimi nilizijua kwa tumbo. Sikuwahi kulisema hilo, hata kwake. Brashi Moja aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akingoja nianguke au anidake, sikumuuliza.

Nilipomaliza upande wa kushoto nilishuka, nikavuka barabara kuangalia. H ilikuwa imelegea kidogo.

"Pandisha!" nikapaza sauti.

Ngazi ilikuwa tupu. Mwanamke aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni aligeuka kunitazama. Nilibaki na mkono hewani, kisha nikaushusha taratibu. Lori likapita, na jingine. Nikavuka, nikapanda, nikaipandisha mwenyewe. Asubuhi ile nilivuka barabara mpaka visigino vikawaka moto, maana sasa macho yalikuwa yangu na mkono ulikuwa wangu.

Kabla ya saa sita O ya mwisho ilikaa mahali pake. Brashi Moja alipima nafasi iliyobaki baada yake, akaenda kupima iliyo kabla ya Z, akarudi kupima ya kwanza tena. Zililingana. Akaikunja futi.

Muuguzi mkuu alitoka, akavuka barabara, akasimama mikono kiunoni. Alikaa huko muda mrefu. Nilishika ngazi kwa mikono miwili ingawa nilikuwa chini.

"Nasoma bila miwani," akasema aliporudi. "Tieni rangi."

Brashi Moja alivua shati, akafungua kopo la bluu. "Haya, naanzia wapi, fundi?"

Miaka yote ameniita shemeji. Nikamwonyesha Z.

"Na ndani kuna milango kumi na mmoja," muuguzi alisema, akiitazama saa yake. "Yote inahitaji maandishi. Hiyo ataichora—"

"Mimi," nikajibu.