Mama Namba wa Vyumba Viwili

Mzee Wembe alipigiwa simu na mpwa wake Jumatatu asubuhi. Kuna kampuni ya mbali inataka kutoa upya nyimbo za Vyumba Viwili, lebo yake ya zamani ya santuri, alisema. Ijumaa yeye mwenyewe atapita kuchukua mikanda yote, na pamoja nayo wanataka historia ya lebo, kurasa mbili tu, iandikwe na mtu aliyekuwepo.

"Aliyekuwepo ni nani tena zaidi yako, Mjomba? Wenzako wote wametangulia."

Mzee Wembe alicheka kwa adabu, akakata simu, akabaki na nyumba isiyo na mtu wa kumjibu. Kurasa mbili! Miaka kumi na tisa, santuri sitini na tatu, halafu kurasa mbili.

Aliandika kwamba lebo ilizaliwa nyuma ya duka la fundi cherehani, na kwamba jina lilitokana na vyumba vyenyewe: kimoja cha wanamuziki, kimoja cha mitambo. Kwamba walipigilia magodoro ukutani kuzuia kelele, na cherehani zote zilibidi zinyamaze wimbo ulipoanza. Kwamba kampuni kubwa ziliwacheka kwanza, kisha zikaja kuwaibia waimbaji. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwamba yeye alikuwa fundi mitambo, na mkewe alikuwa...

Hapo kalamu iligoma. Mkewe alikuwa nani? Hakuna santuri hata moja iliyobeba jina lake. Wanamuziki walimwita Mama Namba, maana kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya maikrofoni na kutangaza: "Wimbo wa pili, mara ya tatu." Kisha alirudi nyuma akinyata kwa ncha za vidole, bendi ikaanza. Bila namba zile fundi asingejua kipi kimo wapi kwenye mkanda.

Na fundi alikuwa na wembe. Jina hakupewa bure. Kazi ikiisha, aliukata mkanda pale pale wimbo ulipoanzia, akaunga, ili kiwanda cha santuri kipate wimbo mtupu usio na neno la ziada. Vipande alivitupa. Mikanda ya nyimbo zilizoharibika aliifuta na kurekodi upya juu yake, kwa kuwa mikanda ilikuwa adimu. Watu walimsifu: kazi ya Wembe ni safi kama mchele uliopembuliwa. Naye kichwa kikamvimba, acha tu! Kumbe miaka yote ile alikuwa akimkata mkewe kwa mkono wake mwenyewe, kipande kwa kipande, na kumtupa kwenye ndoo ya taka.

Mkewe alifariki miaka saba iliyopita. Picha zipo tele. Sauti hakuna. Mwanzoni aliisikia kichwani bila taabu. Siku hizi akiitafuta yanakuja maneno matupu, yamesemwa na mtu asiyemjua. Hilo lilimtisha kuliko kifo chake mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakuwa na adabu hata kidogo.

Akaiacha historia mezani, akawasha mashine ya kuchezea mikanda. Huenda mahali fulani wembe uliteleza. Huenda siku moja alichoka, akasahau. Alisikiliza Jumanne, akasikiliza Jumatano. Kila mkanda ulianza na gitaa, au ngoma, au tarumbeta, papo hapo, bila pumzi ya mtu. Kazi safi. Aliilaani.

Alhamisi mpwa akapiga. "Umefika wapi, Mjomba?"

"Bado natafuta."

"Unatafuta nini? Si uandike tu unachokumbuka?"

"Ndicho hicho ninachotafuta, mwanangu."

Ijumaa asubuhi lilibaki boksi moja. Juu yake alikuwa ameandika mwenyewe kwa kalamu nene: YA KUFUTA. Ulikuwa mkanda wa wiki ya mwisho. Lebo ilifungwa kabla hajapata nafasi ya kuufuta.

Aliuweka kwenye mashine. Ilibidi arudie mara mbili kuupitisha kwenye magurudumu yake. Kwanza ukasikika mvumo, kisha kiti kikaburutwa. Halafu:

"Wimbo wa nne, mara ya tisa."

Mzee akashika meza. Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kavu kidogo, ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Ni yeye. Jamani, ni yeye! Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Na Mama Namba hakurudi nyuma kama kawaida yake. Alianza kucheka.

"Jamani, kabla hamjaanza, leo nimekutana na kituko huko sokoni, hamtaamini. Ngoja niwa..."

"Nyamaza," ilikatiza sauti ya kijana kutoka chumba cha mitambo. "Unamaliza mkanda."

Kijana huyo alikuwa yeye mwenyewe, miaka ile.

"Haya," alisema Mama Namba. Zikasikika hatua zake za ncha za vidole, kisha gitaa.

Mzee alisimamisha mashine. Alijaribu kukumbuka kama jioni ile, nyumbani, alimuuliza habari ya hicho kituko. Hakumuuliza. Alijua hakumuuliza. Akarudisha mkanda nyuma, akainama mpaka sikio likagusa spika.

"Ngoja niwa..."

"Simulia, mke wangu," alisema haraka. "Simulia tu, mkanda upo mwingi."

"Nyamaza," akajibu yule kijana.