Barua ya Theluji ndani ya Sambusa

Tone. Tone. Tone.

Giza lilikuwa bado nene, na maji ya paa yalikuwa yakidondokea kwenye beseni la bati nililolitega chini ya mchirizi. Siku ya tisa hiyo naamshwa na mdundo huo kabla ya alfajiri, na siku zote tisa niliuchukia, maana maji yanayodondoka ni mvua, na mvua siyo niliyokuwa naingoja. Elyor, mume wangu, alikuwa anakoroma taratibu. Binti yetu Munisa, wa miaka sita, alikuwa katikati yetu, mguu wake mmoja juu ya tumbo la baba yake.

Tone. Tone.

Kisha kimya.

Nikasubiri. Nikahesabu moja hadi ishirini, halafu nikarudia. Hakuna tone. Nikatoka chini ya mfarishi miguu mitupu, nikaufungua mlango kidogo tu, na kitu laini, baridi, kikanitua puani.

"Elyor! Amka! Imeanguka!"

"Nini imeanguka? Nyumba?"

"Theluji, baba Munisa! Washa tanuri, upesi!"

Hapa Chirchiq, mji wetu ulio chini ya milima, huna haja ya kumweleza mtu asubuhi kama hiyo. Theluji ya kwanza ikianguka, unamwandikia ndugu au jirani barua: theluji ni yetu, karamu ni yenu. Ukifaulu kumtia barua mkononi ukatoroka, umemfunga, atakupa karamu unayoitaka. Akikukamata kabla hujarudi kwako, anakupaka masizi usoni na karamu unaipika wewe. Watu wengi huomba pilau na halua. Mimi nilikuwa naomba gari.

Gari lenyewe ni la Abduvohid, kaka yake mkubwa Elyor, anayekaa mwisho wa kichochoro chetu. Lina viti vinane, na bila hilo sisi hatufiki mlimani.

Niseme ukweli kuhusu mwaka jana. Nilimwahidi Munisa kwamba atateleza kwenye theluji kama watoto wa kwenye televisheni, na mahali nilichagua mwenyewe. Ukiwa barabarani unakiona kilele cheupe kama kimemwagiwa sukari, na picha walizonitumia wenye vyumba zilikuwa nzuri, nikaamini. Tulipofika, kilele kilikuwa cheupe kweli. Lakini mteremko wa watoto ulikuwa huku chini, unatazamana na jua, nao ulikuwa matope matupu. Munisa alibaki garini amekumbatia zile mbao mbili za kutelezea tulizoazima, ndogo, nyekundu. Hakulia. Hakusema neno mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za theluji. Afadhali angelia. Mtoto akidai unapata la kumjibu.

Wakubwa ndio waliosema, tena mwaka mzima. Abduvohid alinibandika jina: Bibi Matope.

Basi safari hii sikutaka picha ya mtu. Mwaka huu nimemaliza shule ya jioni, nina miaka ishirini na saba na cheti kiko kabatini, na mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na maneno yake: mlima una uso na una mgongo, usoni jua linakaa, mgongoni baridi inalala. Nikaanza kutafuta mgongo. Nikaupata sokoni, kwa dada Sanobar, anayeuza vidonge vya maziwa ya mgando vilivyokaushwa. Yeye anakaa Sovuqbuloq na hushuka kuuza tu; ni kijiji kilicho juu sana, nyuma ya mlima, ambako jua la majira ya baridi hupita kwa mbali kama mgeni mwenye haraka. Kwao wanapangisha vyumba, na kuna mteremko mpana wa watoto na kamba ya zamani ya kuvuta watu juu, basi.

Sikumuuliza kama kuna theluji. Mwenye vyumba vya kupangisha atakwambia ipo hata mwezi wa saba. Nilimuuliza, "Mmeshapanda mapaa?" Maana nyumba za kule zina mapaa bapa ya udongo, na kila theluji ikianguka nzito lazima watu wapande na makoleo waisukume chini, la sivyo boriti zinavunjika. Hakuna mtu anayepanda paa kwenye baridi ile ili kumdanganya mteja.

Tangu katikati ya Novemba nilimpigia kila jioni.

"Leo je, dada?"

"Leo tumepanda. Mgongo wangu si wangu."

"Pole sana!" Na mimi huku narukaruka jikoni kwa furaha ya mgongo wa mwenzangu.

Kila walipopanda, nilimpa Munisa daftari la miraba achore kipaa kidogo kwenye tarehe ya siku hiyo. Alichora kwa makini, ulimi nje, akalifunga daftari akaondoka. Hakuuliza vya nini. Alijua vya nini. Mwisho wa mwezi vilikuwa vipaa kumi na kimoja.

Wiki moja kabla ya hiyo asubuhi ninayoisimulia, tulikuwa tunakunywa chai kwa Abduvohid. Mkewe, Zulxumor, akaanza.

"Mimi nasema twende Mwaka Mpya kule kwenye vibanda vya vioo vinavyopandishwa mlimani kwa kamba. Watu wote wanaenda huko."

"Ndiyo maana bei inapanda, dada," nikamwambia. "Siku moja ya mtoto mmoja pale ni unga wetu wa wiki mbili. Sovuqbuloq, wiki ya kwanza ya Desemba, watoto hawalipi kamba, chumba nusu bei, na supu imo."

"Supu imo," alisema Abduvohid, akinikazia macho juu ya bakuli lake la chai. "Na theluji imo? Au kila mtu abebe ya kwake kwenye ndoo?"

Wote wakacheka. Elyor naye akacheka, nikamkanyaga mguu.

"Wameshapanda mapaa mara nane, shemeji."

"Bibi Matope anahesabu mapaa ya watu! Sikiliza, shemeji. Gari langu haliendi kwenye matope mara ya pili."

"Na nikikufunga kwa barua ya theluji?"

Akaweka bakuli chini. Hapo nilikuwa nimegusa heshima yake. "Mimi? Miaka kumi na minne hajatokea wa kunifunga. Aliyekaribia sana alikuwa kinyozi, na masizi yalimkaa mpaka Ijumaa. Haya, leta. Ukinifunga, Jumamosi inayofuata nawapeleka hata mwisho wa dunia. Nikikukamata, utatupikia pilau ya watu ishirini, na habari za theluji tusizisikie tena mpaka mwakani."

"Sawa," nilisema, kabla akili haijanifikia. Pilau ya watu ishirini ingekula kila tulichoweka kwa ajili ya safari. Nikatazama chini, nikakuta Munisa ameketi pembeni ya meza na kipande cha mkate mkononi, hatafuni. Alikuwa anasikiliza.

Sasa turudi kwenye asubuhi yetu. Moto umeshika, mimi naandika, Elyor anapuliza makaa.

*Theluji ni yetu, karamu ni yenu. Pilau hatutaki. Tunataka gari, dereva na uso wenye tabasamu, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, hadi Sovuqbuloq.*

"Napeleka mimi," alisema Elyor. "Nina miguu mirefu."

"Na kikohozi kinachofika kabla yako. Atakuwa ameshasimama getini na sufuria nyeusi, namjua."

Sambusa za boga zilipoiva, maana kwetu hatuzikaangi, tunazibandika ukutani mwa tanuri, nilichagua moja iliyonona. Nikaipasua chini kwa ncha ya kisu, nikaingiza barua iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nikapaziba kwa unga na kuirudisha tanurini kidogo tu. Nikachuchumaa mbele ya Munisa.

"Utampelekea baba mkubwa. Akishaipokea, tembea polepole mpaka kwenye bomba la maji. Ukipita bomba, kimbia na usigeuke."

Akakubali kwa kichwa. Nikamfunga kitambaa mpaka puani, na mimi nikajibanza nyuma ya geti letu, jicho kwenye ufa, moyo unanidunda kana kwamba naiba ng'ombe.

Kweli alikuwepo. Amesimama getini kwake na sufuria, kidole kimeshapakwa masizi tayari.

"Nani huyo?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Wezi wote huitwa mimi. Mkono wa kulia una nini?"

"Sambusa."

"Wa kushoto?" Akauonyesha. "Mifukoni?" Akaigeuza nje. "Vua kofia. Haya, kiatu." Mtoto wa watu akasimama kwa mguu mmoja kwenye theluji huku mwanamume mzima anachungulia ndani ya kiatu chake. "Mh. Na mama yako amesemaje?"

"Amesema ule ingali moto."

Zulxumor akafungua dirisha. "Abduvohid! Huoni haya? Mtoto amekuletea chakula cha tanuri unamsachi kama askari wa forodha! Pokea!"

Hapo hakuwa na ujanja. Kwetu mtu hasukumi mkate anaonyooshewa na mtoto, hata siku ya barua. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipuliza.

Munisa akageuka. Akatembea. Taratibu, taratibu, kama bibi harusi. Nikawa nasema kimoyomoyo, bado, mwanangu, bado. Abduvohid akauma mara ya kwanza. Akatafuna. Munisa akalifikia bomba. Shemeji akauma mara ya pili, akasimama, akachomoa kitu kati ya meno.

"WEWE!"

"Kimbia!" nikapiga kelele, nimesahau kabisa kwamba nimejificha.

Munisa akakimbia, kofia ikaruka. Abduvohid nyuma yake, sambusa mkono mmoja, sufuria mkono wa pili, kandambili miguuni. Kandambili kwenye theluji mbichi! Hakufika hata bombani. Alikwenda chini mzimamzima, sufuria ikabingiria mpaka getini kwetu, na binti yangu akaniangukia tumboni akihema. Zulxumor alicheka dirishani mpaka akashika kifua.

"Miaka kumi na minne!" aliguna Abduvohid, bado kakaa chini. Akaisoma barua. Akamalizia sambusa. "Boga zuri. Haya, nimefungwa. Lakini tukikuta matope, shemeji, utanioshea gari mpaka majira ya kuchipua."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi mchana theluji ya mjini ikayeyuka yote, na mchirizi ukaanza tena: tone, tone. Ijumaa mvua. Jioni zote mbili nilimpigia dada Sanobar, simu haipatikani. Munisa alikuja na kalamu na daftari, akanitazama, akaliona jibu usoni. Akaacha miraba miwili mitupu.

Jumamosi saa kumi na mbili tuliondoka watu wanane, pamoja na watoto watatu wa Abduvohid. Mvua ilitusindikiza mpaka nje ya mji, halafu jua likatoka, na jua ndilo lililonitisha zaidi. Pande zote za barabara vilima vilikuwa vya kahawia. Kondoo walikuwa wanakula majani makavu kwa raha zao.

"Tutateleza juu ya nini, jamani?" aliuliza Zulxumor. "Juu ya kondoo?"

"Huu ni uso wa mlima, dada. Bado mgongo."

"Mgongo wangu ndio umechoka," alisema Abduvohid. "Shemeji, ndoo umechukua?"

Elyor akanishika mkono. Mbao nyekundu, tulizoziazima tena, zilikuwa chini ya kiti. Munisa aliketi dirishani, mikono mapajani, hazigusi. Nilitaka kumwambia kitu, nikaogopa kuahidi tena. Nilifikiria ile miraba miwili. Labda simu iliharibika. Labda mvua ilifika na kule, ikaosha vyote kumi na kimoja, na dada Sanobar anaona aibu kunipokelea simu.

Barabara ikapanda, ikajipinda, ikapanda tena. Baada ya kona kubwa ya mwisho tukaingia kivulini, na ukungu ukatufunika ghafla, mweupe, mzito, hata mwisho wa boneti hauonekani. Abduvohid akapunguza mwendo. Utani ukaisha. Tukasikia tu magurudumu, ambayo yalikuwa yakirusha maji njia nzima. Sasa yalianza kutoa sauti nyingine, ya kusagasaga, kavu, kama mtu anayekanyaga sukari.

"Mnasikia?" nilinong'ona.

"Shh," alisema Abduvohid.

Ukungu ukapasuka kidogo upande wa Munisa. Alikuwa ameukaribia mno ule mlango, pua imebandikwa kwenye kioo, pumzi yake inakifunika. Akakifuta kwa mkono wa sweta. Akatazama muda mrefu. Kisha akainama, akavuta zile mbao nyekundu kutoka chini ya kiti, akaziweka mapajani na kuzikumbatia, na kwa sauti iliyojaza gari zima akasema:

"Mama, watu wako juu ya mapaa."