Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Mwaka ambao tuta la reli ya Wajerumani lilifika karibu na Mkonze, watu waliacha kwenda kwa Loisi, mke wa Kefa. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri njiani, wakamuuliza habari za watoto na za ng'ombe, kisha wakapita zao, na hilo ndilo lililomchosha. Mtu akikutukana utamjibu. Huyu anayekusalimu akapita, utamwambia nini?

Sababu ilijulikana. Kefa alikuwa amejifunza kusoma kidogo misheni, basi boma la serikali likamfanya mnyapara. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba pamoja na askari, akionyesha vijana wenye nguvu za kubeba udongo wa reli. Wengi walirudi wamekonda. Ndahani, mtoto wa pekee wa mjane wa nyumba ya pili, hakurudi, wala habari zake hazikurudi.

Zamani wanawake wa pale walisaga pamoja kila asubuhi, kila mtu na jiwe lake, wakiimba na kusengenya, na kama unga wa mwenzako umechelewa unamngoja. Sasa Loisi akipiga magoti tu, mmoja anakumbuka mtoto wake analia, mwingine maji yamemwishia. Siku moja mwanamke mmoja mwenye ulimi mwepesi akawaambia wenzake, "Sogeeni jamani, serikali inataka kukaa." Wakacheka chini chini. Loisi akasaga mpaka akamaliza, na tangu siku ile jiwe lake akalihamishia ndani.

Angevumilia hivyo hivyo, kama si mvua. Mwaka ule ilinyesha vizuri, uwele ukaota, na magugu nayo yakaota kuliko uwele. Shamba lilikuwa kubwa, na Kefa alikuwa hashiki jembe tena. Asipopalilia kwa wakati, watoto watakula nini kiangazi? Na shamba kubwa kwetu Ugogo dawa yake ni moja: unapika pombe, unaalika majirani, wanapalilia mpaka jua lianze kuchoma, halafu mnakaa mnakunywa na kuzungumza hadi ng'ombe warudi. Ukiita wakaja, una watu. Wasipokuja, basi umejua.

Loisi akalowesha mtama uote kimea, akapika. Akapita kila nyumba kualika, na kila nyumba wakamwambia wamesikia. Akarudi akamweleza mumewe kwamba hajui kama watakuja.

"Watakuja," akasema Kefa.

"Usiwaite wewe. Mimi nimekwisha kuwaita."

Kefa akafumba macho. Alikuwa amelala chali, miguu imevimba kwa kutembea.

Siku ya kazi watu wakaja, wote, hata waliokuwa wagonjwa. Loisi akafurahi, lakini kidogo tu, maana hakuna aliyekuja na maneno. Walijipanga mstari wakalima kimya, mbio mbio, bila kuacha hata jani la gugu. Mmoja wao akaangalia nyuma, kama anayemtafuta mtu mwenye kiboko. Hapo Loisi akajua kuwa mumewe alikuwa amepita kwao na askari. Palizi ikaisha jua bado changa.

Akawakaribisha kwenye kivuli cha ukuta, akateka pombe kwa kibuyu, akaonja kwanza mwenyewe kuondoa shaka ya sumu kama ilivyo desturi, akampa mkubwa wao kwa mikono miwili. Mzee akapokea, akashukuru, akampa aliyekaa pembeni yake. Huyo naye akashukuru, akampa mwenzake. Kibuyu kikawazunguka wote hivyo, polepole, kwa adabu, pasipo mdomo hata mmoja kukigusa, kikamrudia Loisi kimejaa. Kisha wakainuka, wakachukua majembe yao, wakaaga.

Pombe ikachacha, akaimwaga. Kesho yake akajitwika jembe akaenda shamba la yule mzee, bila kualikwa, akaanza kupalilia kutoka pembeni. Mtu akikulimia nawe unamlimia, hata kama aliletwa kwa nguvu. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemwambia karibu. Akamaliza hapo, akaenda shamba la pili, kisha la tatu. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka. Kefa akamkataza, akasema mke wa mnyapara kulimia watu ni kumvunjia heshima.

"Wewe una askari wa kukaa nao," Loisi akamwambia. "Mimi nina nani?"

Shamba la Mama Ndahani aliliacha mwisho kwa sababu aliliogopa. Alipofika, mjane alikuwa humo peke yake, ameinama, anang'oa magugu kwa mkono. Loisi akamwamkia, "Mbukwa, mama." Hakuitikiwa. Akaanzia upande wa pili. Wakalima hivyo, huyu akija huku, yule akienda kule, mpaka jua likawa utosini na mistari yao ikakutana, nusu ya shamba bado haijaguswa.

Mama Ndahani akaketi chini, akafungua kiporo cha ugali, akala tonge, akatafuna muda mrefu.

"Kaa," akasema.

Loisi akakaa.

"Mumeo alimwonyesha mwanangu kwa kidole. Nilikuwa mlangoni, nilikiona kile kidole."

"Ndiyo, mama."

"Sijasahau, wala usinisubiri nisahau. Ila nimechoka kushinda shambani kutwa nzima nimefunga mdomo. Hata mbuzi wamechoka kunisikiliza."

Akamega ugali, akamsogezea. Loisi akala bila kuinua macho. Baadaye mjane akamuuliza kama yule mtoto wake mdogo ameacha kukohoa. Loisi akasema usiku bado anakohoa, na mama yule akamtajia mizizi ya kuchemsha na mahali inapopatikana. Wakazungumzia viwavi. Wakamzungumzia yule mwenye ulimi mwepesi, kwamba hata unga wake una mchanga. Kefa hakutajwa tena, wala Ndahani. Jua likageuka, wao bado wamekaa, na kipande kikubwa cha shamba kikabaki siku ile na magugu yake.